Kuamsha Bwati

Watu wa Bunia wana maneno yao. Gari lenye gia za mkono wanaliita gari, basi, halihitaji jina lingine. Lile linalobadili gia lenyewe huku dereva amelaza mkono juu ya paja, hilo ni motokari ya bamama. Mwanamume aliyenunua gari la namna hiyo, hata kama amelilipia kwa dhahabu ya Mongbwalu, siku ya kwanza akifika nalo kituoni atasikia tu: "Na rouge à lèvres ya midomo yako umeisahau fasi gani?" Hawasemi kwa ubaya. Ni watu waliokulia juu ya malori, na ndani ya lori gia ikiingia mwili mzima unapata habari.

Katika aibu hiyo ya wanaume ndimo Josaphat alimopata jina.

Alikuwa fundi wa magari mtaa wa Nyakasanza, mzaliwa wa Boga, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Miaka mingi alikuwa akifungua bwati, ndivyo mafundi wa kwetu wanavyoliita sanduku la gia, na kila mara alikuta jambo lilelile. Diski za ndani, zile zinazoshikana na kuachiana gia inapobadilika, zimeungua. Mafuta yamekuwa meusi na yananuka kama maharagwe yaliyosahauliwa jikoni. Alifikiri mpaka akaelewa. Hizi bwati zilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiopenda kutikiswa. Gia inapobadilika, diski huteleza kidogo kwanza, ndipo zishikane, ili abiria asihisi kitu. Kwenye lami laini haidhuru. Kwenye njia ya Komanda, watu wamejaa, magunia nyuma na mbuzi juu, kule kuteleza kidogo kunakuwa kuteleza kwingi, na penye kuteleza pana moto.

Basi akatafuta dawa, na dawa akaipata. Ndani ya bwati mna resori, springi ndogo inayoamua mafuta yasukume kwa nguvu gani. Josaphat akaweka rondeli nyuma yake, kijipete cha chuma kinachoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Resori ikabanwa, mafuta yakasukuma zaidi, diski zikashikana palepale bila kuteleza. Gia ikaingia na sauti yake: ko! Mwenye gari la kwanza alikuwa dereva mmoja aitwaye Assani, rafiki yake. Alizunguka nalo mjini, akarudi anacheka peke yake ndani ya gari.

"Josaphat! Hii kitu ilikuwa inalala. Sasa umeiamusha!"

Neno likashika. Watu wakaja kutoka Mahagi, wakaja kutoka Ariwara, wanauliza fundi wa kuamsha bwati anakaa wapi. Wanaume waliokuwa wakiegesha magari yao mbali na kituo wakaanza kuyaegesha katikati.

Tuseme kweli, maana mwanzoni hapa kweli haina ubaya: Josaphat hakuwa tapeli. Rondeli moja ilikuwa dawa hasa. Diski zilizokuwa zikiungua upesi sasa zilidumu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa na mji mzima. Mteja aliyewekewa rondeli moja alipanda gari la mwenzake, akahisi linagonga zaidi, akarudi na manung'uniko. "Yangu inagonga kama mutu anaomba ruhusa ya kuingia. Ongeza." Josaphat akaongeza. Mwingine naye akataka kumpita huyo. Akaongeza tena. Ikafika mahali gia haziingii tena, zinapiga, na watu wanashangilia. Kichwani mwake hesabu ilikuwa nyepesi: diski haziungui, kwa hiyo bwati inaishi. Kwamba ndani ya bwati mna vitu vingine visivyo diski, alijua, ila alikuwa hataki kukaa chini akafikiri juu yake.

Gari lake mwenyewe, la viti vingi, la rangi ya majivu, alilibana kuliko yote. Fundi ni tangazo la kazi yake, alisema.

Mkewe Angélique hakulipenda tangazo hilo. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache yenye ncha.

"Papa Grâce, motokari yako inanipiga mugongo."

"Ni nguvu, Mama Grâce."

"Nguvu yenye kunipiga miye, tunaitaka ya nini?"

Alikuwa na haki ya kulalamika. Grâce, binti yao mkubwa, alikwisha kuolewa Epulu, na wazazi walidhani ukurasa wa watoto umefungwa, kumbe kitinda mimba yuko njiani. Sasa Angélique alipanda gari na kichanga mapajani, na kila gia ilipobadilika alikuwa akikishika shingo kwa kiganja. Mtoto walimpa jina la mama yake Josaphat, Godelive. Kwetu, mtoto akibeba jina lako ni ndoyi wako, na ndoyi si mjukuu tu. Ni wewe unayeanza upya. Unamtembelea, unamtazama uso wote, unatafuta umemwachia nini.

Mama Godelive, kule Boga, alikuwa hajamwona ndoyi wake. Na alikuwa na sababu ya kuwa na haraka. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa, kimyakimya, bila maumivu. La kulia lilikuwa likifungwa kutoka pembeni kuja katikati, hata akawa anautazama ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mganga wa kituo cha afya alimpima, akamwambia ndani ya jicho mna presio nyingi, yaani presha, na presio hiyo inafinya mshipa wa kuonea. Matone ya kuishusha yalipatikana mara moja moja. Dawa hasa, alisema, ni kisu cha munganga wa macho, na munganga wa macho hayuko Boga.

"Mbele hii tundu haijafunga," mama alimwambia mwanawe kwenye simu, "nione ndoyi yangu. Kisha Mungu afanye yenye anataka."

Ndipo radio ikatangaza, na makanisani wakarudia, kwamba munganga wa macho anakuja Bunia kutoka Goma. Angekaa juma moja tu katika hospitali moja ya mji, anapasua, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Josaphat alipiga simu Boga palepale. "Mama, jitayarishe. Nakuja kukukamata miye mwenyewe na motokari, nikulete."

Kabla ya safari alitaka kubadili mafuta ya bwati. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alilala chini ya gari, akafungua karteri, lile bakuli la chuma la chini linalokusanya mafuta. Ndani ya karteri kila fundi anajua kuna kisumaku cha kukamata vumbi la chuma. Vumbi la kijivu, laini kama unga, hilo halimtishi mtu. Hata bwati yenye afya inalo. Josaphat alipitisha kidole juu ya kisumaku na kidole kikachomwa. Halikuwa vumbi. Vilikuwa vipande, vyembamba, vyenye ncha, kama vya sindano iliyovunjwavunjwa.

Alijua. Hakuna fundi asiyejua. Chuma cha ndani kilikuwa kinaliwa. Mapigo yale ambayo diski zilikuwa zimekwepa, kuna kitu kingine kilikuwa kikiyapokea badala yake, ko baada ya ko, mwaka mzima.

Angélique alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alimwona mumewe akinyonya kidole.

"Ni nini?"

"Hapana kitu. Kichuma kidogo."

"Kimetoka ndani ya bwati?"

Angélique akamkaribia, akainama kadiri mtoto alivyomruhusu.

"Ondosha zile rondeli. Leo ni Jumamosi, iko na wakati. Ondosha, kisha enda kukamata mama yako pole-pole kama bantu bengine."

Muda ulikuwepo. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku, tena kwa fundi mvivu. Lakini uani palikuwa na Assani, na wateja wengine watatu wamekaa juu ya matairi wakisubiri kuamshiwa, wanapiga soga. Josaphat akawatazama. Aliwaza wakimwona fundi wa kuamsha analaza bwati yake mwenyewe, wataulizana nini. Aliwaza magari yote yaliyopita mikononi mwake, mpaka Mahagi, mpaka Ariwara. Kutoa rondeli zake mbele ya macho yale kulikuwa sawa na kusimama rond-point, kwenye mzunguko wa katikati ya mji, na kipaza sauti.

"Tukirudi," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaiondosha tukirudi."

Akachukua kitambaa, akafuta kisumaku mpaka kikang'aa, akakirudisha mahali pake, akafunga karteri, akatia mafuta mapya mekundu. Wanaume wazima wanaweza kuuza macho ya mama zao kwa hofu ya kuchekwa, na wasijue kwamba wameuza.

Mvua ilikuwa imechukua daraja, na njia ya Boga ilifunguliwa Jumatano tu. Josaphat aliondoka siku hiyohiyo na Assani, aliyetaka kuona gari hilo lenye sifa linavyopanda milima. Likapanda. Assani alikuwa akipiga paja kila linapogonga. Walilala Boga, na Alhamisi asubuhi Mama Godelive alipandishwa kiti cha mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani, kikapu cha mayai mapajani kwa ajili ya Angélique. Alisema hataki kukiweka nyuma, mayai huko hayana mama wa kuyashika.

Hawajafika mbali akageuza shingo.

"Nani anatupiga ku mugongo?"

"Hapana mutu, Mama. Ni bwati. Niliiongezea presio."

Mama akagusa pembe ya jicho lake.

"Presio? Kama ile ya jicho yangu?"

Assani akaangua kicheko kule nyuma. Josaphat naye akacheka. "Haiko sawa, Mama. Hii ni presio ya muzuri."

"Munganga alisemaka, presio inafinya pole-pole. Hauna maumivu, unakula, unalala, siku moja unashutuka jicho imekufa. Yako ya muzuri inafanya nini?"

"Inatia nguvu. Usiogope, Mama. Hii motokari haiwezi kukuangusha."

Mama aliitika. Alikuwa mtu wa kuwaamini watoto wake. Alikumbatia kikapu vizuri zaidi, na kila gia ilipopiga alikuwa akikiinua kidogo, mayai yasipate pigo. Josaphat alimwona akifanya hivyo, akageuza macho barabarani.

Mchana mvua ikarudi. Walikuwa wamepita Gety, wanauanza mlima mmoja mrefu upande wa Bogoro, tope jekundu linateremka njiani kama uji. Gari lilipunguza mwendo, likataka gia ya chini, gia ikapiga kuliko siku zote. Ko! Kisha ikafuata sauti nyingine, fupi, kavu. Injini ikaunguruma kwa nguvu zake zote na gari likasimama pale pale. Akajaribu gia ya nyuma. Injini ikalia, gari halikutikisika. Lilianza kurudi chini lenyewe, taratibu, mpaka akalishika kwa breki na Assani akaruka kuweka mawe.

"Diski?" Assani aliuliza, maji yanamtiririka usoni.

"Si diski," Josaphat alisema.

Walisubiri. Lori moja lilikuwa limekwama chini ya mlima, kwa hiyo nyuma yao hakuna aliyepita. Mbele, barabara ilikuwa inafungwa jioni kwa ajili ya usalama, na jioni ikawa inakuja. Mtandao wa simu ulikuwa unaonekana mtu akipanda juu ya jiwe, na kupotea akisema alo. Mama wa nyumba iliyokuwa karibu aliwafungulia, akawasha moto, akapokea yale mayai yote na kuyapika, maana hakukuwa na kingine. Mama Godelive alikula yake polepole. Alimwuliza mwanawe mara moja tu.

"Munganga anaenda kesho saa sita?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kesho ni mbali. Lala."

Alfajiri Assani alitoka kwa miguu kutafuta pikipiki, na pikipiki zilikataa kushuka mpaka tope likauke kidogo. Alirudi na moja jua limekwisha panda. Wakampakia mama katikati, dereva mbele, Josaphat nyuma, amemshika kiunoni kama anavyoshikwa mtoto. Mama hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alifumba lile jicho moja njia nzima, na Josaphat alipomwuliza kama anaogopa alijibu kwamba analiweka akiba, asije kulimaliza juu ya tope.

Waliingia hospitalini saa nane. Mabenchi ya kungojea yalikuwa yamepinduliwa juu ya meza na mwanamke mmoja alikuwa anaosha sakafu. Josaphat akapita juu ya maji kwa viatu vyake vya tope, akafungua mlango huu, akafungua ule. Mwanamke akamwacha achafue. Alikuwa ameona wengine siku hiyo. "Papa," alisema, "ameenda. Alingoja mpaka saa saba, alisema labda kuko bantu ya njia ya mbali."

Saa saba. Josaphat alikaa chini palepale, juu ya sakafu yenye maji.

Nyumbani, Angélique alimpokea mkwewe, akamnawisha, akampa mtoto. Mama Godelive alimsogeza ndoyi wake mbele ya lile tundu, akamtazama kipande kwa kipande: sikio, kisha jicho, kisha kidevu, kisha mguu. Mtoto alikuwa bado na uso wa watoto wote wachanga, pua bapa ndogo, mashavu yamejaa. "Nimemuona," alisema, akafurahi kweli. Angélique hakumwambia mumewe neno lolote usiku ule, wala kesho yake. Josaphat angelipenda agombezwe.

Alitaka kumvusha mama mpaka Kampala. Mama alikataa. "Njia imenishinda, mwana wangu. Mutu anabebwa mara moja." Wakanunua matone. Kuna wakati yalikuwepo Bunia, kuna wakati hayakuwepo, kuna wakati chupa zilikuwepo na ndani mna maji tu ya mtu aliyetaka kutajirika. Munganga wa macho aliporudi, msimu mwingine wa mvua ulikuwa umekwisha pita na lile tundu limekwisha fungwa, na Josaphat alimfikisha mama mlangoni mbele ya watu wote, kabla hata mlango haujafunguliwa. Munganga alimwangalia kwa taa yake ndogo kwa muda mrefu. Alieleza kwa upole. Presio sasa anaweza kuishusha. Lakini mshipa uliokufa kwa kufinywa haufufuki, hakuna mtu wa kuufufua. Wangekuja ile mara ya kwanza, alisema, na akaacha sentensi hapo.

Gari lilikuwa limekwisha kuvutwa mpaka uani, na miezi mingi Josaphat hakuligusa. Siku ile waliyotoka kwa munganga ndipo alipoifungua bwati. Akazitoa diski moja moja, akazipanga juu ya gunia. Zilikuwa nzima. Nene, safi, kama zilizotoka dukani jana. Mtu yeyote angeliziona angesema, huyu fundi anajua kutunza diski. Kisha akatoa mhimili, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka bwati kwenda magurudumu, nao ukatoka vipande viwili. Haukukatika kwa siku moja. Sehemu kubwa ya jeraha ilikuwa nyeusi, ya zamani; ni kipande kidogo tu cha katikati kilichokuwa cheupe, kilichokuwa kimebaki kikishikilia watu watatu na kikapu cha mayai kwenye mlima ule.

Alilia. Alilia kama wanavyolia watu wazima peke yao, bila kufunika uso, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta.

Baada ya hapo alianza kuwaita wateja. Leteni magari, nitaondosha rondeli bure, nitawaachia moja, moja inatosha. Assani alikuja siku ya kwanza. Yeye alikuwepo mlimani. Wachache wakamfuata. Wengi walicheka. "Fundi, weye ndiye ulituonjesha sukari, sasa unasema ni sumu?" Na wengine walikwisha kuhamia kwa Plamedi, fundi wa upande wa Mudzi-Pela, aliyejifunza kuamsha bwati kwa kufungua zile ambazo Josaphat alikuwa ameziamsha. Plamedi hakuwa na maneno mengi ya diski na chuma. Alikuwa anabana mpaka mteja aseme basi. Josaphat alimwendea mara mbili kumwonya, na mara mbili alipewa kiti, na soda, na heshima zote za mzee aliyeanza kuchoka. Ulichofundisha hukifuti kwa kitambaa.

Kwa mama yake alikuwa hajasema kitu. Mama aliamini kwamba ni mvua, ni daraja, ni njia mbaya ya Ituri, na aliisamehe njia kila alipoizungumza. Kila mara alipoisamehe, Josaphat alitoka nje.

Siku moja, Jumapili baada ya misa, mama alikuwa amekaa barazani na ungo wa maharagwe, anachambua kwa vidole. Alikuwa anajua jiwe kwa baridi yake. Ndoyi wake, ambaye sasa alikuwa anatembea na kuangusha kila kitu, alikuwa anazunguka miguuni mwake. Angélique alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Josaphat akavuta kigoda.

"Mama, haikuwa njia."

"Nini?"

"Motokari kuvunjika. Haikuwa njia, haikuwa mvua. Ni miye. Ile presio niliongeza mingi, ikavunja chuma ya ndani."

Vidole vya mama viliendelea kidogo juu ya maharagwe, kisha vikasimama.

"Fundi anaweza kukosea."

"Sikukosea, Mama. Nilijua."

"Ulijua mbele ya kutoka Bunia?"

"Nilijua. Nilifungua, chuma ikanichoma kidole. Mama Grâce alisema niondoshe. Bantu balikuwa banaangalia, nikaona haya."

"Na ukakuja kunikamata nayo."

"Ndiyo, Mama."

Mama hakulia, hakumlaani, wala hakumwambia amemsamehe, na Josaphat alikuwa amejitayarisha kwa yote matatu. Aliweka ungo chini. Akanyoosha mikono hewani mbele yake, akaita, "Ndoyi yangu." Mtoto akaja mbio, akajitupa mapajani. Mama akampapasa nywele, paji la uso, nyusi. Vidole vikashuka mpaka puani, vikakaa hapo, vinazunguka taratibu.

"Wakati nilimuona," alisema, "alikuwa na pua ya batoto bote. Sasa imetoka. Ni ya nani?"

Josaphat akatazama. Hakuhitaji kutazama sana. Ilikuwa nyembamba juu, imeinama kidogo upande mmoja, pua ya mama yake kabisa, kama imekatwa kwenye kitambaa kimoja.

"Ni ya kwako, Mama."

Mama akageuza uso upande wa sauti yake. Macho yote mawili yalikuwa wazi. Alingoja, kama mtu anayesubiri neno lingine, na vidole bado viko juu ya pua ya mtoto.

"Ni ya kwako," Josaphat alirudia. "Kweli, Mama."

Mama hakuitika. Ndipo Josaphat akaelewa kwamba neno lake peke yake halitoshi tena, akasimama, akamwita mkewe. Angélique alikuja na mikono yenye povu la sabuni, akauliza kuna nini. Josaphat alimwomba amwambie mama pua ya mtoto ni ya nani. Angélique akamtazama mumewe, akamtazama mkwewe, akainama kumtazama mtoto vizuri.

"Ni ya kwako, Mama," alisema.

"Ah," mama akaitika. "Aksanti."

Akampapasa mtoto tena, kisha akaomba apewe ungo wake.